Terminali zilizokuwa zikizama kila umeme ukirudi: uchambuzi wa kisa kimoja Mwanjelwa

Ofisi yenyewe iko gorofani Mwanjelwa, Mbeya. Inauza intaneti ya redio. Ina minara mitatu midogo, Mbalizi, Uyole na Iyunga, na wateja wake ni nyumba za wageni, maduka ya pembejeo, vyama vya akiba na mikopo na shule kadhaa. Ukutani imetundikwa televisheni ya pikseli 1920 kwa 1080 iliyounganishwa na kompyuta ya Linux, na humo zinakaa terminali nne, yaani madirisha ya maandishi ya amri, usiku na mchana. Tatu zinapiga ping, yaani zinatuma ujumbe mfupi na kuandika kila jibu linaporudi, kila moja kwa mnara wake. Ya nne inaonyesha logi, yaani kumbukumbu za matukio, ya ruta kuu.

Mzee mwenye ofisi ndiye aliyepanga dirisha gani likae wapi, na alipanga kwa akili. Ukisimama ukiutazama mlima Loleza, Mbalizi iko mkono wa kushoto na Uyole mkono wa kulia. Basi kwenye skrini nayo Mbalizi iko juu kushoto, Uyole juu kulia, Iyunga chini kushoto, na logi imepewa kona iliyobaki. Dada wa zamu akiwa mezani kwake hasomi maandishi yale, yako mbali. Anatupia jicho kona. Kona ya juu kulia ikiacha kutembea, anajua ni Uyole, anampigia fundi wa upande huo kabla mteja wa kwanza hajapiga kulalamika. Kwa hiyo mahali dirisha lilipo si urembo wa skrini. Ni nusu ya habari yenyewe.

Malalamiko yalikuwa haya. Umeme ukikatika na kurudi, kompyuta inawaka yenyewe maana imewekwa hivyo kwenye BIOS, inaingia kwenye akaunti ya zamu bila kudai nywila, inafungua terminali zote nne, lakini hazirudi mahali pake. Msimu wa mvua huku huanza Novemba na kwenda mpaka Aprili, radi hazikosi, na umeme nao ndiyo hivyo. Nilipomuuliza dada wa zamu hasa kinachotokea, alinipa jibu ambalo lilibeba karibu uchunguzi wote:

"Hayavurugiki, kaka. Yanazama. Kila umeme ukirudi yanazama kidogo. Ila ile ya logi ndiyo inakaa popote inapotaka."

Hapo kuna dalili mbili tofauti, na ni vizuri kuzitenga mapema. Kitu kinachosogea kidogo kidogo, upande uleule, kila mara, hakisogezwi na bahati. Kuna hesabu inayokisogeza. Kitu kinachokaa popote, hicho hakuna anayekishika kabisa. Nilianza na la kuzama kwa sababu ndilo lililokuwa likiwaumiza: terminali huandika mstari mpya chini kabisa, kwa hiyo dirisha la Iyunga lilipozidi ukingo wa chini wa televisheni, mistari iliyofichika ni ile mipya. Kilichobaki kuonekana ni habari ya sekunde kadhaa zilizopita, na mtu aliye mbali hawezi kujua.

Kilichokuwepo kwenye mashine

Nilikuta skripti mbili zilizoachwa na kijana aliyewahi kufanya field pale. Ya kwanza iliendeshwa na cron, kipanga ratiba cha Linux, kila dakika 5: inatafuta kila dirisha kwa jina lake, inaiuliza xwininfo, chombo cha kupima madirisha, liko wapi, inaandika namba kwenye faili. Ya pili iliendeshwa mtumiaji anapoingia: inafungua terminali nne, inasubiri kidogo, kisha inasogeza kila moja kwa wmctrl, chombo cha kusogeza madirisha, kwenda kwenye namba zilizo kwenye faili.

Wazo lenyewe lilikuwa na mantiki. Xfce, mazingira ya madirisha yaliyo kwenye kompyuta hii, inaweza kuhifadhi kikao chako unapotoka, lakini mashine iliyokatiwa umeme haitoki, inazimika tu. Ukitaka kuhifadhi kitu kwenye mazingira ya namna hiyo, lazima uhifadhi wakati mashine bado inafanya kazi. Kijana aliliona hilo, na wengi hawalioni.

Nikaanza kwa kupima dirisha lilipo sasa. Chombo cha kawaida kwenye X11 (au X tu), mfumo unaochora madirisha kwenye Linux, ni xwininfo, ambayo kwenye Debian na Ubuntu huja na kifurushi cha x11-utils. Ukiiandika peke yake inakuomba ubofye dirisha unalolitaka. Ukiipa jina au namba ya dirisha haihitaji mausi.

```
$ xwininfo -name MBALIZI
  Absolute upper-left X:  1392
  Absolute upper-left Y:  248
  Relative upper-left X:  2
  Relative upper-left Y:  26
  Width: 930
  Height: 466
  ...
  -geometry 84x20+1390+222
```

(Nimeacha mistari isiyotuhusu.) Kabla ya kusoma namba hizi, jua kwamba mezani kuna monita ndogo ya 1366 kwa 768, na televisheni imewekwa upande wake wa kulia. X huziunganisha skrini zote kuwa uwanja mmoja mrefu, kwa hiyo televisheni inaanzia pikseli ya 1366. Hiyo 1392 maana yake ni pikseli 26 tu kutoka ukingo wa kushoto wa televisheni.

Sasa tazama: matokeo hayo yana majibu mawili kwa swali moja. Mstari wa juu unasema dirisha liko 1392, 248. Mstari wa mwisho unasema liko 1390, 222. Yote mawili ni kweli.

Pembe mbili za dirisha moja

X11 ilitoka MIT mwaka 1987, na waliobuni mfumo huo waliamua kwamba mapambo ya dirisha si kazi ya seva wala ya programu yenyewe. Ni kazi ya programu nyingine, msimamizi wa madirisha. Terminali inachora dirisha lake la maandishi, basi. Msimamizi analichukua dirisha hilo na kuliingiza ndani ya dirisha lake yeye, kubwa kidogo, lenye upau wa jina juu na mistari myembamba pembeni. Wewe unaona kitu kimoja. Kwa X ni madirisha mawili, la ndani na la nje, na kila moja lina pembe yake ya juu kushoto.

Mistari ya "Absolute" ya xwininfo inataja pembe ya dirisha la ndani. Mistari ya "Relative" inataja umbali kutoka pembe ya nje mpaka ya ndani. Upana wa mapambo yenyewe unaweza kuulizwa moja kwa moja:

```
$ xprop -name MBALIZI _NET_FRAME_EXTENTS
_NET_FRAME_EXTENTS(CARDINAL) = 2, 2, 26, 2
```

Mpangilio ni kushoto, kulia, juu, chini. Pikseli 2 pembeni, 26 juu kwa ajili ya upau wa jina.

Upande wa pili, unapomwambia msimamizi "peleka dirisha hili mahali fulani", kwa kawaida yeye huchukulia kwamba unataja pembe ya nje. Ndivyo kanuni za mawasiliano za X zinavyosema kwa dirisha lenye mvuto wa kaskazini magharibi, yaani linaloshikwa kwa pembe ya juu kushoto, na karibu kila dirisha liko hivyo. Skripti ilipima picha, kisha ikapigilia msumari kwa kipimo cha fremu.

Fuata hesabu yenyewe. Pembe ya ndani iko 1378, 66. Skripti inaandika 1378, 66. Umeme unakatika, unarudi, skripti inamwomba msimamizi aweke dirisha 1378, 66, naye anaweka pembe ya nje hapo. Pembe ya ndani sasa iko 1380, 92. Dakika 5 baadaye cron inapima upya, inaandika 1380, 92, na namba ya zamani imekwisha kufutwa. Umeme ukikatika tena, tunaanzia hapo. Kila mzunguko unaongeza 2 kulia na 26 chini. Hicho ndicho dada alichokiita kuzama. Ile 2 ya pembeni hakuna ambaye angeiona kwa macho.

Hii ilikuwa dhana mpaka nilipopata faili la siku ya kwanza, ambalo kijana alilibakiza kama nakala ya akiba. Humo Mbalizi imeandikwa 1378, 66. Leo iko 1392, 248. Tofauti ni 14 kulia na 182 chini. Gawa 14 kwa 2, unapata 7. Gawa 182 kwa 26, unapata 7. Namba mbili zilizopimwa pande mbili tofauti zinakubaliana, na haziwezi kukubaliana kwa bahati. Kisha nikaandika `last reboot`, amri inayoorodhesha kila mara mashine ilipowaka, nikahesabu mistari kuanzia tarehe ya faili lile la kwanza. Saba. Dirisha lilikuwa limetunza kumbukumbu ya kukatika kwa umeme vizuri kuliko daftari la ofisi.

Nimelieleza hili kwa urefu kwa sababu ndilo kosa linalowapata wengi wanaoandika skripti za namna hii, na mara nyingi wanalitibu kwa kubahatisha: wanatoa 26 kwenye namba, inafanya kazi, halafu mtu anabadilisha mandhari ya mapambo, upau wa jina unakuwa na kimo kingine, na kuzama kunaanza upya, au madirisha yanaanza kupanda. Usitoe namba uliyoiona kwa macho. Iulize `_NET_FRAME_EXTENTS` wakati ule unapohitaji.

Au tumia mstari wa mwisho wa xwininfo. Ule wa `-geometry` umeshafanya hesabu yote: unamfuata msimamizi mpaka dirisha la nje na kutaja pembe yake, ndiyo maana ulisema 1390, 222. Ungeweza kuunakili ulivyo na kuupa terminali wakati wa kuifungua. Jibu sahihi lilikuwa chini ya matokeo yaleyale ambayo skripti ilikuwa ikisoma kila dakika 5, ila yenyewe ilikuwa inachukua mistari ya juu.

Tahadhari kwa anayependa `wmctrl -lG`, ambayo inaorodhesha madirisha yote na vipimo vyake kwa mkupuo mmoja. Toleo linalotumika kila mahali ni 1.07 la mwaka 2005, na kwa msimamizi anayetumia dirisha la nje, orodha hiyo hujumlisha upana wa mapambo mara ya pili. Kwa Mbalizi ilinipa 1394, 274. Hapo hakuna pembe yoyote, si ya ndani wala ya nje. Kwa kusogeza, wmctrl ni chombo kizuri sana. Kwa kupima, tumia xwininfo au xdotool.

Herufi na pikseli

Kuna kutokuelewana kwingine ambako hapa hakukuleta madhara bado, lakini kungeleta. Ukubwa wa terminali hupimwa kwa njia mbili. Msimamizi anahesabu pikseli: 930 kwa 466. Terminali yenyewe inahesabu herufi: safu 84 za upana, mistari 20 ya kimo. Kwenye `--geometry=84x20+1390+222` vipimo hivyo viwili vimechanganywa katika maandishi mamoja: 84x20 ni herufi, 1390 na 222 ni pikseli. Anayedhani vyote ni pikseli ataandika 930x466 na kupata dirisha linalozidi skrini nzima.

Ukiwa ndani ya terminali, `stty size` itakuambia mistari na safu, lakini kwa mpangilio wa kinyume: itaandika 20 84, mistari kwanza. Ukiwa umeingia mashine nyingine kwa ssh bado inafanya kazi, kwa kuwa terminali yako hupeleka ukubwa wake upande wa pili na kuupeleka upya kila unapovuta ukingo. Terminali nyingi pia zinajibu zikiulizwa kwa alama za siri: `printf '\e[18t'` inarudisha mistari na safu, na `printf '\e[13t'` inarudisha mahali dirisha lilipo, kwa zile zinazokubali. Xterm hukataa maswali mengi ya aina hii mpaka uiruhusu kwa `allowWindowOps`, na ina sababu ya maana: maandishi yoyote yanayopita kwenye skrini, hata logi iliyotoka kwa mtu usiyemjua, yangeweza kulisogeza dirisha lako.

Kwa nini uhifadhi herufi na si pikseli? Kwa sababu kinachotakiwa kisikatike ni mstari wa ping. Mstari wenye anwani, namba ya mfuatano, ttl na muda unakaribia herufi 65. Dirisha la safu 84 linautosha na nafasi inabaki. Ukihifadhi pikseli na mtu akakuza fonti ili aone vizuri kutoka mezani, jambo ambalo dada wa zamu alikuwa analifanya usiku, dirisha likirudishwa kwenye pikseli zilezile litakuwa na safu chache, mistari itakunjwa, na mistari 20 itageuka 10. Ukihifadhi herufi, dirisha litakua pamoja na fonti. Hapo utakachohitaji kulinda ni fonti yenyewe. Tuliweka Monospace 14 kwenye mapendeleo ya terminali, dada akakubali kwamba inaonekana, na tukaacha hapo.

Dirisha la nne

La logi lilikuwa rahisi. Skripti ililitafuta kwa jina LOGI na kulikosa. Sababu: lilifunguliwa kwa jina hilo, kisha ndani yake ssh ikaingia kwenye mashine ya logi, na shell ya kule, programu inayopokea amri, kama ilivyo kawaida ya Debian na Ubuntu, ikabadilisha jina la dirisha kuwa jina la mtumiaji na la mashine. Aliyekuwa akitafuta LOGI hakuipata, hakusogeza kitu, na hakulalamika kwa sababu hakuna aliyekuwa akisoma makosa yake. Kwa hiyo dirisha lilibaki pale msimamizi alipoona pana nafasi.

Dawa ni mbili, nikatumia zote. Terminali ya Xfce ina `--dynamic-title-mode=none`, inayokataza walio ndani wasibadilishe jina. Na badala ya kuingia kwanza kisha kuandika amri, ssh inapewa amri hapohapo, `ssh -t` ikifuatwa na `tail -F`, ili ile shell ya maingiliano isianzishwe kabisa.

Televisheni iliyochelewa

Kama kisa kingeishia hapo, ningetengeneza mistari miwili kwenye skripti ya kijana na kuiacha ya kuhifadhi iendelee. Jaribio ndilo lililobadilisha uamuzi.

Tulizima swichi kuu na kuiwasha. Kompyuta ikawaka. Televisheni ikabaki giza, kwa sababu waya wake ulikuwa kwenye soketi ya nyongeza ambayo mtu alikuwa ameizima. X ilipoanza haikuona televisheni. Uwanja wote ukawa ile monita ndogo ya mezani, 1366 kwa 768, na pikseli ya 1376 haikuwepo tena. Terminali zote nne zikabanwa kwenye monita hiyo, moja juu ya nyingine. Tulipowasha soketi, televisheni ilirudi na mandhari tupu.

Hebu fikiria cron ingefika wakati huo. Ingepima madirisha manne yaliyorundikana na kuyaandika kwenye faili kama mpangilio halali. Umeme ukikatika tena, skripti ingerudisha rundo hilo kwa uaminifu kabisa, hata televisheni ikiwa inawaka, na pasingebaki popote pa kujua mpangilio wa kweli ulikuwaje.

Hapa ndipo penye msimamo wangu katika kisa hiki. Kuhifadhi hali iliyopo kunafaa pale ambapo mtumiaji mwenyewe ndiye anayeamua kila siku madirisha yakae wapi, kama kwenye laptopu yako. Pale Mwanjelwa mpangilio uliamuliwa na mzee, mara moja, kwa sababu inayoeleweka, na hakuna anayetakiwa kuubadilisha kwa bahati mbaya. Mpangilio wa namna hiyo hauhifadhiwi kwa kupimwa; unaandikwa. Mashine ikipotoka, inarudishwa kwenye maandishi, na si kwenye hali yake ya dakika tano zilizopita. Kosa la pikseli 26 lilikuwa kosa dogo. Lililolikuza ni kwamba kila kosa liliruhusiwa kuwa ukweli mpya.

Nikaiondoa skripti ya kuhifadhi kwenye crontab. Ya kufungua ikawa hivi, kwa kifupi:

```
for i in $(seq 30); do
  xrandr --query | grep -q '^HDMI-1 connected' && break
  sleep 2
done
xrandr --output HDMI-1 --auto --right-of VGA-1

T="xfce4-terminal --disable-server --dynamic-title-mode=none"
$T --title=MBALIZI --geometry=84x20+1376+40  -x ping 10.20.1.1 &
$T --title=UYOLE   --geometry=84x20+2336+40  -x ping 10.20.2.1 &
$T --title=IYUNGA  --geometry=84x20+1376+560 -x ping 10.20.3.1 &
$T --title=LOGI    --geometry=84x20+2336+560 -x ssh -t logi@10.20.0.5 tail -F /var/log/ruta.log &
```

(Anwani nimezibadilisha.) Inasubiri televisheni kwa dakika moja hivi. Ile alama ya `^` pamoja na jina la tundu ni muhimu: ukitafuta `connected` peke yake, hata tundu lisilo na kitu litakubaliwa, maana xrandr, amri ya kupanga skrini, huandika `disconnected` na neno lile limo ndani yake. Majina ya matundu hutofautiana kati ya mashine na mashine, kwa hiyo andika `xrandr` kwanza uone yako yanaitwaje. Kwenye skripti kamili kuna sehemu nyingine: dakika ikipita bila televisheni kuonekana, terminali zinafunguliwa kwa mistari michache kwenye monita ya mezani, kwa mpangilio uleule wa kona nne. Dada ataona Mbalizi ikiwa ndogo, lakini itakuwa juu kushoto.

Skripti hii imewekwa kwenye orodha ya programu zinazoanza zenyewe, na kuhifadhi kikao kwa Xfce kumezimwa. Vyote viwili vikiwaka kwa pamoja, Xfce inaweza kufungua terminali zake za jana na skripti ikafungua zake, ukajikuta na nane.

Kipo pia kitufe. Mtu akivuta dirisha kwa bahati mbaya hahitaji kuwasha mashine upya. Anabonyeza mkato wa kibodi unaoendesha mistari minne ya namna hii:

```
wmctrl -F -r MBALIZI -e 0,1376,40,-1,-1
```

Namba ya kwanza ni mvuto, na sifuri inamaanisha tumia ule wa dirisha lenyewe. Mbili zinazofuata ni mahali, kwa pembe ya nje, ileile iliyo kwenye `--geometry`. Zile `-1` zinasema usiguse ukubwa. `-F` inadai jina lilingane kikamilifu, maana bila hiyo wmctrl hukubali hata kipande cha jina na inaweza kusogeza dirisha lingine kabisa. Anayelazimika kufanya kazi kwa pembe ya ndani anaweza kuweka 10 mahali pa sifuri, mvuto tuli, na msimamizi anayefuata kanuni ataipeleka pembe ya ndani hapo alipotajiwa. Sikuuhitaji hapa.

Baada ya kuzima na kuwasha tena, televisheni ikiwa imewaka na ikiwa imezimwa, tulipima kwa xwininfo na kusoma mstari wa mwisho peke yake. Mbalizi: `84x20+1376+40`. Tukazima tena, tukawasha, namba zikawa zilezile.

Swali la mzee kuhusu toleo jipya

Wakati tunamaliza, mzee aliuliza kama si vizuri tuipandishe mashine kwenye Ubuntu mpya yenye GNOME, mazingira mengine ya madirisha, maana kijana mmoja alimwambia hii ni ya kizamani. Jibu langu lilikuwa hapana, kwa mashine hii, na sababu yake inahusu jambo lilelile.

GNOME ya siku hizi haiendeshwi juu ya X11. Inaendeshwa juu ya Wayland, mradi ulioanzishwa na Kristian Høgsberg mwaka 2008, na Ubuntu 25.10 imeondoa kabisa kikao cha GNOME cha X11. Kwenye Wayland, programu haijui iko wapi kwenye skrini na hairuhusiwi kuomba ipelekwe mahali fulani. Si upungufu uliosahaulika. Ni uamuzi, ili programu moja isiweze kupeleleza nyingine wala kujiweka juu yake. Mahali pa dirisha pameachwa mikononi mwa mtunzi wa skrini, programu inayounganisha madirisha yote kuwa picha moja, peke yake. `xwininfo` na `wmctrl` huona tu yale madirisha machache yanayopitia XWayland, daraja la programu za X11 ndani ya Wayland. Terminali ikipewa `--geometry=84x20+1376+40` itaheshimu 84x20 na kupuuza mengine.

Njia zipo, ila ni za kila mtunzi kivyake: KDE ina kanuni za madirisha ambazo unaziandika kwenye mipangilio, Sway inakubali amri za kuweka dirisha mahali, GNOME inahitaji kiendelezi. Skripti yetu isingefanya kazi kwenye hata moja kati ya hizo bila kuandikwa upya. Xfce yenyewe, kwenye toleo la 4.20 la Desemba 2024, imeanza kuijaribu Wayland lakini kwa hatua ya majaribio tu, na X11 bado ndiyo njia yake ya kawaida.

Kwa hiyo tulikubaliana na mzee: mashine inapokea masahihisho ya usalama kama kawaida, inabaki Xfce juu ya X11, na fundi yeyote atakayetaka kuibadilisha aandike kwanza `echo $XDG_SESSION_TYPE` kwenye mfumo anaotaka kuuweka. Ikijibu `x11`, skripti itafanya kazi ilivyo. Ikijibu `wayland`, aje na mpango wa kona nne kabla ya kugusa kitu. Maelezo hayo, pamoja na zile namba nne za `--geometry`, yameandikwa kwenye karatasi iliyobandikwa nyuma ya televisheni, na soketi ya nyongeza imeondolewa.